Barua ya wazi kwa wanaosimamia kinga ya moto na ulinzi wa mialoni katika milima ya Santa Monica

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa bodi na mabaraza, wakuu wa zimamoto, maofisa wa misitu na maofisa wa mipango miji katika kaunti za Los Angeles na Ventura, California.

YAH: AMRI MBILI ZINAZOKINZANA JUU YA MTI MMOJA

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkandarasi mdogo ambaye kazi yake ni kufyeka vichaka, kukata nyasi na kupogoa miti katika mashamba ya farasi na makazi makubwa ya milimani, kuanzia Topanga hadi Agoura na Hidden Hills. Nakala ya Kiingereza imekwisha kutumwa kwenu. Hii ya Kiswahili naichapisha kwa sababu katika mazizi na bustani za huku tumo pia Waafrika Mashariki tunaoshika msumeno na reki, na sisi ndio tunaosimama chini ya mwaloni, mti ambao Waingereza huuita oak, kila mwaka tukiwa na amri mbili mkononi, moja ikitaka ukatwe na nyingine ikikataza kuugusa. Ombi langu kuu ni kwamba, kabla msumeno haujawashwa katika mali yoyote yenye mialoni inayolindwa, mkaguzi wa moto na mtaalamu wa miti wafike pamoja, watazame pamoja, na waache karatasi moja yenye saini mbili.

Sipingi usafishaji, na nisingependa barua hii isomwe hivyo. Moto wa Woolsey ulianza tarehe 8 Novemba 2018, ukavuka barabara kuu ya 101, ukateremka hadi bahari ya Malibu, ukateketeza karibu ekari 97,000 na majengo zaidi ya 1,600, na watu watatu wakapoteza maisha. Farasi waliobahatika kuondolewa walishikiliwa na kufungwa kwenye mchanga wa ufukwe wa Zuma huku mbingu ikiwa nyeusi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Desemba 2017, moto wa Lilac katika kaunti ya San Diego ulikuwa umeua farasi wa mbio zaidi ya 40 katika kituo cha San Luis Rey Downs. Kisha Januari 2025 ikaja mioto ya Palisades na Eaton, ambayo kwa pamoja iliangamiza majengo zaidi ya 16,000. Mtu aliyeyaona hayo na bado akatetea nyasi ndefu zilizokauka kando ya zizi, huyo hatuna la kuzungumza naye.

Sheria zenyewe ni nzuri. Kifungu cha 4291 cha Sheria ya Rasilimali za Umma ya jimbo kinamtaka mwenye jengo aweke eneo la kujihami, yaani ukanda uliopunguzwa vitu vinavyowaka kuzunguka jengo, la futi 100, kama mita 30, na katika maeneo yenye hatari kubwa zimamoto wa kaunti wanaweza kudai hadi futi 200. Kwa upande mwingine, sheria ya mialoni ya Kaunti ya Los Angeles, ambayo ni ya tangu 1982, inasema kwamba mwaloni wowote wenye kipenyo cha inchi 8 au zaidi, ukipimwa futi nne na nusu kutoka ardhini, haukatwi, hauhamishwi, hauumizwi wala hauingiliwi katika eneo lake la ulinzi bila kibali. Eneo hilo halikomei kwenye shina; linafuata ncha za matawi na kuongeza futi 5 nje yake. Upogoaji wa kawaida unaruhusiwa, lakini kwa matawi yasiyozidi unene wa inchi 2. Miji kama Calabasas na Thousand Oaks ina sheria zake, na Thousand Oaks imekuwa ikiilinda mialoni tangu 1970. Kila moja ya sheria hizi, ukiisoma peke yake, ina mantiki. Taabu huanza pale zinapokutana juu ya tawi lile lile.

Chukueni mfano wa njia ya kuingilia. Gari la zimamoto linahitaji uwazi wa futi 13 na inchi 6 kwenda juu, na trela la farasi nalo linataka nafasi ya kukunja kona bila kuparuza. Nyingi za mali hizi zina njia nyembamba inayopita katikati ya mialoni iliyotangulia nyumba kwa miaka mia na zaidi, na mara nyingi tawi moja zito limeinama juu ya kona kwa urefu wa futi 10 au 11. Tawi hilo lina unene wa paja la mtu mzima. Karatasi ya ukaguzi wa moto inasema liondolewe kabla ya tarehe ya mwisho, la sivyo kuna faini. Sheria ya mialoni inasema tawi bichi la unene huo ni suala la kibali, na kibali kina ripoti ya mtaalamu, ramani, ada na kusubiri. Katika mali moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja wala sitaitaja ofisi iliyohusika, mwenye mali alisubiri majibu hadi tarehe ya mwisho ya zimamoto ikapita. Mwishowe tulikata vijitawi vyembamba vinavyoruhusiwa, tawi kubwa likabaki palepale, na mkaguzi aliporudi akaandika kwamba agizo halijatekelezwa. Alikuwa sahihi kwa karatasi aliyokuwa nayo. Msimu wote wa pepo za Santa Ana, zile kavu na kali zinazovuma kutoka bara kuelekea baharini, ukapita tawi likiwa juu ya njia pekee ambayo farasi wangeweza kutokea.

Linalonishangaza ni kwamba katika Kaunti ya Los Angeles anayekagua moto na anayelinda mialoni hawako mbali. Maofisa wa misitu wanaopitia maombi ya vibali vya mialoni wamo ndani ya idara ile ile ya zimamoto inayotuma wakaguzi wa vichaka, ingawa kibali chenyewe hutolewa na idara ya mipango. Kuwakutanisha hakuhitaji sheria mpya ya jimbo, kunahitaji waraka wa ndani na gari moja.

Nikiingia katika mali ya farasi kwa mara ya kwanza, mwaloni ndio kitu cha mwisho ninachokitazama. Naanza na nyasi za kulishia, yale marobota yaliyopangwa hadi darini katika banda la mbao lililoegemea zizi, kwa sababu mlishaji hataki kutembea mbali saa kumi na moja alfajiri. Robota lililofungwa likiwa bado na unyevu hujipasha moto lenyewe kutoka ndani. Robota lililokauka sawasawa linangoja cheche tu. Kisha natafuta samadi. Farasi wa kilo 450 hutoa kilo 22 hivi za samadi kwa siku, kwa hiyo zizi la farasi kumi linazalisha zaidi ya tani moja na nusu kwa wiki, na hapo sijahesabu maranda ya mbao yanayofagiwa pamoja nayo. Lundo kubwa likikaa hujijengea joto ndani. Cheche ikitua juu yake wakati wa upepo, hufuka chini kwa chini bila ndimi za moto, na zimamoto wanaweza kuwa wamekwisha kuondoka ndipo liwake. Na lundo hilo, waheshimiwa, mara nyingi sana huwekwa chini ya mwaloni, maana pale pana kivuli na wageni hawapaoni.

Baada ya hapo nafuata uzio. Uzio wa mbao uliopakwa rangi nyeupe unapendeza kwenye picha za madalali wa nyumba, lakini chini yake, pale ambapo mashine ya kukata nyasi haifiki, kuna mstari wa nyasi kavu unaotoka malishoni moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa nyumba. Ni utambi. Mabomba ya chuma yangefanya kazi ile ile na yasingeshika moto, na mazizi mengi ya watu wa kipato cha kawaida huko Topanga tayari yanayatumia, kwa sababu ni ya kudumu na hayataki rangi kila baada ya miaka miwili. Halafu ipo miti ambayo hakuna sheria ya mwaloni inayoihusu: mikaratusi yenye magome yanayoning'inia kama matambara, na mitende ya mapambo ambayo makuti yake makavu hayajashushwa tangu mwenye nyumba wa kwanza. Nimeona karatasi za ukaguzi zilizotaja mwaloni mzima na mbichi lakini hazikuandika neno juu ya mitende miwili iliyokuwa karibu na paa la zizi. Huenda mkaguzi alikuwa na mali thelathini za kupitia siku hiyo, simlaumu. Fomu aliyopewa ina kisanduku cha miti, haina kisanduku cha samadi.

Sasa mwaloni wenyewe. Ule unaotawala mabonde yetu, Quercus agrifolia, haupukutishi majani yote kwa pamoja. Majani yake ni magumu kama ngozi, gome lake ni nene, na ukiunguzwa mara nyingi huchipua tena kutoka kwenye machipukizi yaliyojificha chini ya gome. Ndiyo maana wataalamu hushauri kwamba baada ya moto mtu asikimbilie kuukata mwaloni uliobabuka, bali aupe muda aone kama utarudi. Mizizi yake inayofyonza maji iko karibu na uso wa ardhi, mingi ndani ya futi 3 za juu, na huenea mbali kuliko kivuli chake. Hapo ndipo trekta la kulimia kinga ya moto linapofanya madhara. Diski za jembe lake zikipita mara moja chini ya matawi, unakuta vipande vya mizizi ya unene wa kidole gumba vimetapakaa juu ya udongo, na mti hautaonyesha chochote mwaka huo. Utaanza kukauka ncha baada ya miaka miwili au mitatu, na atakayekuja kuukagua ataandika kwamba ni mti unaokufa, uondolewe.

Udongo uliochimbuliwa hivyo haukai mtupu. Mvua za Januari zikinyesha, haradali ya mwituni na nyasi za kigeni huota pale kabla ya mmea wowote wa asili. Haradali hufika kimo cha mtu, hutoa maua ya manjano ambayo watalii huyapiga picha, na ikifika Juni ni kuni. Yaani tumelipwa kuondoa moto, nasi tumeupanda. Ukikata nyasi kwa mashine hadi inchi 4 kama miongozo ya jimbo inavyotaka, na kufanya hivyo asubuhi na mapema kabla jua na upepo havijapanda, maana kisu cha chuma kikigonga jiwe hutoa cheche, unapata kinga ile ile bila kuigusa mizizi. Majani yaliyoanguka nayo, ukishatoka nje ya futi 30 za nyumba, miongozo hiyo hiyo inaruhusu yabaki kwa kina cha hadi inchi 3, na mwaloni unayahitaji.

Kuhusu kile kinachoitwa ngazi ya moto, yaani moto kupanda kutoka kichakani hadi kwenye matawi, miongozo inataka nafasi ya mara tatu ya urefu wa kichaka. Kichaka cha futi 5 kinadai matawi yaanzie futi 15. Wapo wanaosoma hesabu hiyo kisha wakanyoa mwaloni hadi ukabaki mwavuli juu ya mti wa simu. Ondoeni kichaka, na hesabu yote inakwisha. Matawi ya chini ya mwaloni yanatia kivuli ardhini. Ukiyatoa, jua linaingia, na pale palipokuwa na majani makavu yaliyolala panaota nyasi. Huku watu hukodisha mbuzi kwa kazi ya kula vichaka, jambo ambalo nikilisimulia nyumbani hawaamini kwamba mtu analipwa dola kwa kuchunga. Mbuzi wanafanya kazi nzuri kwenye miteremko isiyopitika kwa mashine, ila aliyewahi kuwafuga anajua watamenya gome na kumaliza miche ya mialoni, kwa hiyo mashina yazungushiwe wavu kwanza, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Farasi nao si rafiki wa mwaloni, ingawa kivuli chake wanakipenda. Wakifungwa chini yake kila siku hukanyaga udongo ukawa kama sakafu, maji hayaingii tena; wengine hutafuna gome kwa kuchoka tu. Birika la maji linalovuja kiangazi kizima karibu na shina huleta uozo wa mizizi, kwa kuwa mti huu umezoea kiangazi kikavu. Na farasi akila matunda yake kwa wingi hudhurika. Kwa hiyo mstari wa futi 5 nje ya matawi, ambao sheria ya mialoni tayari imeuchora, ndio mstari ambao mimi ningewaomba muutumie pia kwa ajili ya moto: ndani yake pasiwe na robota, pasiwe na lundo la samadi, pasiwe na uzio wa mbao wala banda la vifaa, na farasi wasifungwe humo. Mti unapumua, farasi hawali matunda, na moto hauna cha kuushikia chini ya matawi. Sijaona agizo lolote linalosema hivyo.

Najua jibu litakalotoka kwa baadhi ya wakuu wa zimamoto, nao wana hoja. Upepo wa Santa Ana husafirisha cheche kupita maili, na nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazotua kwenye mfereji wa paa uliojaa majani au kupenya kwenye tundu la hewa la dari. Mwaloni ulio juu ya paa ndio unaoyamwaga majani hayo. Ni kweli. Tawi lililo ndani ya futi 10 za mdomo wa bomba la moshi liondoke, matawi yaliyokufa yaondoke yote bila mjadala, na mifereji isafishwe kila majani yanapojaa. Kuhusu ukanda wa futi 5 za kwanza kutoka ukutani, ambao sheria ya jimbo ya 2020 iliuanzisha na ambao agizo la gavana la Februari 2025 lilitaka kanuni zake ziharakishwe, naunga mkono kuondoa vichaka, matandazo ya mbao, malango ya mbao na marundo ya kuni. Ila mwaloni mkubwa wenye afya ambao shina lake liko futi 4 kutoka ukutani usihukumiwe kwa futi kamba peke yake. Upogolewe juu ya paa, usafishwe chini, matundu ya dari yawekwe wavu mwembamba, ndipo watu wawili wenye ujuzi tofauti wautazame na kuamua.

Kuna jambo la kuni ambalo sijaona likitajwa katika agizo lolote la usafishaji lililopita mikononi mwangu. Mdudu anayetoboa mialoni, Agrilus auroguttatus, ambaye ameua mialoni kwa maelfu katika kaunti ya San Diego, aligunduliwa Green Valley ndani ya Kaunti ya Los Angeles mwaka 2015, na 2024 akaonekana karibu na Santa Clarita, kaskazini mwa milima hii. Haruki mbali kwa nguvu zake. Anasafirishwa na magari yetu, ndani ya magogo. Matundu anayotokea ni madogo ya milimita 3 hivi, yenye umbo la nusu duara, na mtu asiyeyajua hupita bila kuyaona. Vibarua wanaosafisha mali huuza magogo ya mwaloni kama kuni, kwa sababu hiyo ndiyo faida yao ya juu. Kila mti anaoua mdudu huyu unabaki umesimama, mkavu kutoka juu hadi chini, na huo ndio mwaloni wa hatari kweli kwa moto. Agizo liseme wazi kwamba mbao za mwaloni zisagwe hapo hapo na zibaki katika mali, na pawepo na mashine ya kusagia ya kukodishwa kwa bei ambayo mkandarasi mdogo anaimudu.

Nisiwafiche pia kwamba wapo wenye mali wanaoupenda mgongano huu wa amri. Mtu anataka mandhari ya bonde kutoka sebuleni, au anataka kupanua uwanja wa mazoezi ya farasi, na karatasi ya zimamoto yenye neno pana kama "ondoa mimea" inamfaa kama kibali alichonyimwa. Nimeombwa kazi za namna hiyo, Jumapili asubuhi, kwa malipo ya taslimu. Sheria ya kaunti inadai miti isiyopungua miwili ipandwe badala ya kila mmoja unaokatwa kwa kibali, lakini mche wa kwenye ndoo hauwi mwaloni wa karne ndani ya maisha ya mwenye nyumba wala ya mtoto wake. Karatasi moja yenye saini mbili, inayotaja kila mti kwa namba na kila tawi kwa alama ya rangi, itamfungia mlango huyo. Itamlinda pia mwenye mali mwaminifu, ambaye leo anaogopa kugusa hata tawi lililokufa.

Limebaki suala la wakati. Tarehe za mwisho za usafishaji huangukia Mei kwa mabonde ya ndani na Juni kwa upande wa pwani, na ukaguzi huja karibu na tarehe hizo, wakati ndege wamekwisha kutaga ndani ya mialoni na nyasi tayari zimekauka kiasi kwamba mashine ni hatari. Mali zenye mialoni na farasi zingekaguliwa mapema, kabla ya machipuo. Orodha yake si ngumu kuipata, kwa sababu vibali vya kufuga farasi, pale vinapotakiwa, na ramani za maeneo ya hatari ya moto viko kwenye makabati yenu.

Kwa hiyo naomba ukaguzi wa pamoja uanze na mali zenye njia moja tu ya kutokea, Topanga na mabonde yanayopakana nayo zikitangulia. Naomba fomu ya ukaguzi iongezwe visanduku vya samadi, nyasi za kulishia na uzio, na eneo la ulinzi la mwaloni litumike kama mpaka wa vitu hivyo. Naomba matawi yaliyo juu ya njia za zimamoto yapewe kibali cha haraka kinachotolewa papo hapo na ofisa wa misitu, bila ada, kwa masharti ya mkato safi unaofanywa na mtu mwenye leseni. Ukaguzi wa kwanza ukifanyika Januari, tutakuwa na miezi minne ya kupogoa, kuhamisha uzio na kuondoa marundo kabla ya tarehe ya Mei, na hiyo inatosha hata kwa mali kubwa, mradi amri iwe moja.

Wenu katika kazi,

Mkandarasi wa usafishaji wa vichaka
Milima ya Santa Monica, California